Mhuri Mwekundu Ndani ya Hirizi

Mwanamke yule alisimama mlangoni bila kubisha, akalizuia jua lote lililokuwa likiangukia meza ya Phanuel. Phanuel alikuwa na brashi ya gundi mkononi, na mbele yake Biblia ya mteja imelala wazi, jalada huku, kurasa kule.

"Hapa ndio kwa fundi wa vitabu?"

"Hapa ndio," Jentrix alijibu kabla ya kaka yake. Jentrix alishona sare za shule katika nusu ya pili ya kibanda hicho cha mabati, pale Kongo, Kawangware, na kwa kuwa cherehani yake ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, alijihesabu kuwa ndiye mapokezi. "Ingia, dada. Ukisimama hapo unatuzimia stima."

Mgeni aliingia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mtandio wa kijani kichwani, viatu vyekundu kwa vumbi. Alionyeshwa kiti, hakuketi.

"Naitwa Sumaya. Natoka Kibera, Makina. Fundi wetu wa ngozi pale Toi alihama. Mtu wa Sarang'ombe akaniambia kuna kijana Kongo anashona misahafu na Biblia mpaka unadhani zimetoka dukani jana."

"Kijana!" Jentrix alicheka. "Huyu ako na miaka thelathini na moja, na bado anacheza na makaratasi."

Sumaya hakucheka. Alifungua fundo la leso, akaweka mezani kitu kidogo cheusi, upana wa vidole vitatu. Ilikuwa hirizi ya ngozi, imeng'aa kwa kushikwa na mikono mingi, na mshono wake umepasuka upande mmoja.

"Ni ya nyumba yetu. Mwanamke wa kwetu akikaribia kujifungua hufungwa hii mkononi. Dadangu Suad anaingia hospitali Alhamisi. Amepoteza wawili, fundi. Wawili. Huyu wa tatu hatumchezei."

"Nitaishona," alisema Phanuel. "Si kazi kubwa."

"Iko na masharti. Karatasi ya ndani usiitoe. Picha usipige. Ishone isifunguke tena. Na Alhamisi saa nane mchana iwe imefika kwetu, kwa sababu saa tisa tunaondoka."

"Naahidi."

"Si hivyo. Sema yote."

Phanuel aliyasema yote, moja baada ya jingine, masikio yakimwaka moto. Msichana akageukia cherehani. "Wewe ni shahidi."

"Shahidi niko," alisema Jentrix, pini midomoni.

Sumaya alipokwisha kuondoka, Phanuel aliiinua hirizi kwenye mwanga ili ahesabu matundu ya uzi wa zamani. Ndipo alipoona. Katika ule ufa, kwenye ukingo wa karatasi iliyokuwa rangi ya chai, palikuwa na robo ya duara la wino mwekundu. Juu ya duara kulikuwa na herufi za Kifarsi. Na nje ya duara, nukta mbili zilizokaa pamoja kama macho ya mdudu.

Aliirudisha hirizi mezani polepole, akakaa kwenye kigoda chake.

"Umeona nyoka?" Jentrix aliuliza.

"Nimeona Belgarh."

"Huyo naye ni nani?"

Jentrix alikuwa ameelezwa mara nyingi, lakini hakuwahi kusikiliza mpaka mwisho. Miaka sita nyuma, Phanuel alinunua sanduku la bati kule Soko la Toi kwa sababu ya bawaba zake za shaba. Chini ya magazeti yaliyotandikwa ndani alikuta barua kumi na moja za kutoka India, za zamani sana, na hata moja haikuwa na stempu. Kwanza alidhani mtu alizibandua. Baadaye, kwa kusoma kila alichokipata, alifahamu kwamba barua hizo ziliandikwa kabla stempu za kubandika hazijafika huko. Barua ndiyo ilikuwa bahasha yake mwenyewe: karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, anwani ikaandikwa mgongoni, kisha karani wa posta akaigonga mhuri kwa mkono. Wino mwekundu ulimaanisha aliyetuma amelipa. Wino mweusi, anayepokea ndiye atakayelipa mlangoni. Kutoka hapo mtu aliibeba akikimbia kwa miguu hadi kituo kinachofuata, akampokeza mwenzake, naye akakimbia.

Phanuel alizipenda alama hizo kuliko alivyoweza kueleza. Aliwajalidia wakusanyaji wengine albamu zao, nao wakamlipa kwa barua. Pole pole akaiunganisha njia moja ya wakimbiaji, kituo kwa kituo, mihuri yake kwa mpangilio. Sasa chama cha wakusanyaji cha Nairobi kilikuwa kimeandaa maonyesho ya Jumamosi, na Shiru, katibu wa chama, alikuwa amempa fremu moja, yaani ubao mmoja wa maonyesho: kurasa kumi na sita, vituo kumi na sita. Hakuna mtu wa Kawangware aliyewahi kupewa fremu. Vituo kumi na tano vilikuwa tayari, kila barua kwenye ukurasa wake. Cha mwisho kilikuwa Belgarh, ofisi ndogo iliyofunguliwa miaka michache tu kisha ikafungwa. Mkusanyaji mmoja wa Pune alikuwa ameahidi kumbadilishia barua ya huko, halafu wiki iliyopita akaghairi. Katika kitabu alichoazimwa na Shiru, mhuri wa Belgarh ulikuwepo kama mchoro tu, kwa sababu barua zenye mhuri huo zinazojulikana ni mbili. Kwenye mchoro ule, nje ya duara, palikuwa na nukta mbili.

Na sasa ya tatu ilikuwa mezani kwake, kando ya chupa ya gundi.

Jumanne Phanuel hakufanya kazi ya maana. Aliipaka Biblia gundi upande usiofaa. Alitoka nje kununua mahindi ya kuchoma, akarudi bila mahindi. Aliiweka hirizi ndani ya kopo, akaliweka kopo juu ya rafu, akalishusha, akalisogeza rafu ya chini.

"Wee Phanu, tulia," Jentrix alimwambia. "Unanizungusha kichwa. Kama unataka kukojoa, choo iko pale pale."

Alimpigia Shiru, akamweleza alichokiona.

"Una uhakika?" Shiru aliuliza, na sauti yake ikapanda. "Nukta mbili? Nje ya duara?"

"Nje ya duara."

"Phanuel, ngoja nikae chini. Sikia. Chukua kibano, toa hiyo karatasi polepole, piga picha mbele na nyuma, rudisha. Nani atajua?"

"Jentrix atajua."

"Jentrix ni nani?"

"Shahidi."

Shiru alivuta pumzi. "Sawa. Basi waombe wakuazime mpaka Jumamosi. Mimi nikuambie ukweli: fremu yenye pengo haiingii, na mchoro hauhesabiwi. Kuna mzee hapa ako na stempu za ndege wa Afrika, kurasa kumi na sita kamili, ananipigia simu kila asubuhi. Alhamisi saa sita nafunga orodha. Kufikia hapo uniambie tu kwamba unayo, basi."

"Na nisipokuwa nayo?"

"Itabidi nimpe mzee wa ndege. Na wewe nimekupigania, unajua."

Alijua. Mchana huo alichagua ukurasa wa zamani kutoka daftari moja lililooza, karatasi ya umri uleule, rangi ileile. Aliukunja mara tatu, halafu mara mbili, mpaka ukatoshana na hirizi. Aliuweka kando ya ngozi nyeusi, akavitazama vyote viwili. Kuzibadilisha kungechukua dakika moja. Cherehani ya Jentrix ilinyamaza.

"Hiyo ni ya nini?"

"Napima tu."

"Pima," alisema Jentrix, akaendelea kumtazama bila kupepesa.

Phanuel aliurudisha ukurasa ndani ya daftari. Kuomba, aliwaza, hakukuwa kwenye yale masharti. Hakuahidi kutoomba.

Jumatano asubuhi alitembea kwa miguu mpaka Kibera, kwa sababu asingeweza kukaa mahali pamoja. Alivuka Ngong Road, akapita katikati ya Toi ambako wauza mitumba walikuwa wakipiga kelele za bei, akateremka Makina huku akiyapanga maneno yake. Kila alipoyapanga, yalikuwa mazuri. Watu hawa, alijiambia, hawajui walicho nacho. Wanadhani ni maandiko matakatifu kwa kuwa herufi zinafanana na za Kiarabu. Nikiwaeleza kwa upole kwamba ni barua tu, wataona haina haja ya kufungwa tena.

Nyumba ya kina Sumaya ilikuwa ya zamani, kuta za udongo, baraza refu, na vyumba vya wapangaji vimeizunguka uani. Barazani alikaa bibi yao, Hadia, akisuka kawa ya rangi ya manjano na zambarau, miguu kaitandaza mkekani. Sumaya alipomwona fundi akaruka.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimekuja kuongea na haboba," alisema Phanuel. Jina hilo la kumwita bibi alikuwa amelisikia kwa wapangaji pale lango kuu.

Hadia alimwonyesha kigoda. Phanuel alieleza yote. Alieleza kuhusu wino mwekundu na wakimbiaji, na kuhusu karatasi kuwa bahasha yake yenyewe, na mwisho, kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba, akasema kwamba maandishi yaliyo ndani ya hirizi si aya. Ni barua ya posta.

Hadia alivuta ukindu, akaukaza. Kisha akaanza kucheka, na tumbo lake likacheka pamoja naye.

"Sumaya, njoo usikie. Huyu mtoto ametembea kutoka Kawangware kuja kunieleza kitu changu."

"Haboba, mimi sikutaka—"

"Tulia. Mwaka wa sitini na tatu, ngozi ya zamani ilipoisha, baba yangu aliifungua mbele yetu. Akampa mwalimu mmoja aliyesoma lugha hizo. Unajua imesema nini? Mfanyabiashara analalamika. Nguo zake hazijafika na mvua inakuja." Alikata ukindu kwa meno. "Sisi ni Waislamu, kijana. Aya tunaijua tukiiona."

Phanuel alitazama viatu vyake.

"Babu yangu alikuwa askari. Kambini kulikuwa na karani Mhindi, rafiki yake sana. Bibi yangu siku ya kumzaa baba alishikwa na uchungu siku mbili, hazai. Karani akaja na hiyo karatasi, barua ya nyumbani kwao ya tangu zamani. Akasema: mimi sina dawa, lakini hii ilitumwa kutoka mbali, kwa miguu ya watu, na ilifika. Mfunge. Wakamfunga. Hiyo tu ndiyo dawa yake. Ilitumwa, ikafika."

Hapo mlango wa ndani ulifunguka, akatoka mwanamke mwenye tumbo kubwa, akitembea taratibu huku ameshikilia ukuta. Alikuwa amebeba kikombe cha kahawa ya tangawizi, akampa Phanuel kwa mikono miwili. Phanuel akainuka. Huyo ndiye Suad, hapakuhitajika mtu wa kumwambia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Zile mara mbili nilivaa imepasuka," Suad alisema. "Sikujua. Ilikuwa imepasuka kwa ndani, kwenye ule upande wa ngozi ya mkono. Nimeona juzi tu. Itashika?"

Kuazima mpaka Jumamosi, picha mbele na nyuma, na yote aliyoyapanga tangu Kongo yalikuwa mdomoni. Phanuel aliyameza na kahawa, ikamchoma ulimi.

"Itashika," alisema.

Hadia alimsindikiza mpaka langoni. "Mimi sijui kama inasaidia," alisema, bila kushusha sauti, bila kuipandisha. "Nimezaa saba nayo na nimezika wawili. Lakini msichana huyu alikuwa hapati usingizi. Tangu Jumatatu, aliposikia inashonwa, analala."

"Na baada ya mtoto kuja, haboba? Mtu akitaka kuiona ile karatasi?"

"Ikishonwa haifunguliwi mpaka ipasuke yenyewe. Ndivyo ilivyo kwetu. Ile ya baba ilishika miaka sitini." Alimpiga Phanuel begani kidogo. "Na wewe wanasema mkono wako ni mzuri kuliko wa fundi wa zamani."

Njiani kurudi, Phanuel alipiga hesabu. Sitini ukiongeza thelathini na moja. Akishona vizuri, mhuri ule ungefunguka akiwa kaburini, au akiwa kizee asiyeona nukta.

Akishona vizuri.

Wazo hilo lilimshika pale Toi, kati ya rundo la makoti na rundo la mikoba, likamfuata mpaka Kongo. Halikuwa na ubaya, alilizungusha kila upande. Mtoto angezaliwa Alhamisi au Ijumaa. Hirizi ingekuwa imefungwa, safi, nzuri. Kisha jasho na miaka miwili au mitatu ingefanya kazi yake, uzi ungeoza, ngozi ingepasuka yenyewe, kama ilivyo kwao. Nao wangemwita fundi. Nani angeumia? Fremu ya Jumamosi ingempita, sawa, lakini Belgarh ingerudi.

Alasiri hiyo aliilowesha ngozi, akailainisha, akachukua uzi wa pamba mwembamba kutoka kwenye droo ya Jentrix, akaupaka nta kidogo upendeze. Alishona matundu arobaini na mawili. Mshono ulitoka umenyooka kama mstari wa rula. Usiku hakulala vizuri, na alijiambia ni joto.

Alhamisi saa nne asubuhi Jentrix aliiokota hirizi mezani.

"Wah. Imetoka poa." Akaigeuza. Akakwaruza mshono kwa ukucha. "Phanu. Huu si uzi wangu wa bandi?"

Phanuel alikuwa akipanga kurasa zake kumi na tano kwenye jalada, kwa mara ya kumi.

"Uzi wa kupiga bandi," Jentrix alisema, "ni wa kushikilia kitambaa tu, nikimaliza nautoa. Hata mtoto wa darasa la pili hashonewi sare na huu. Umekosea droo ama?"

Phanuel aligeuza ukurasa mwingine.

"Ama hukukosea?"

Kwenye meza simu ilianza kutetemeka. Shiru. Ilitetemeka mpaka ikafika ukingoni, Jentrix akaidaka isianguke, hakuipokea. Phanuel alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo. Mshono wa kweli, wa sindano mbili zinazopishana kwenye kila tundu, kwa uzi wa nailoni uliopigwa nta, ungechukua saa mbili na nusu, na ngozi ilikuwa imekwisha kukauka, ilibidi iloweshwe upya.

"Lete wembe," alisema.

Aliufumua mshono tundu kwa tundu. Pamba ilikatika bila kubishana, na hilo lilimtia aibu kuliko maneno yote ya dada yake. Alipofika tundu la thelathini, ngozi ilifunguka mdomo na karatasi ikateleza nje, upana wa kidole kizima. Ilikuwa inakuja. Angeinamisha mkono wake kidogo tu, na ingekuja yote.

Aligeuza uso ukutani.

"Jentrix, njoo. Chukua ule mfupa wangu wa kukunjia karatasi. Isukume ndani. Mimi sitaki kuangalia."

"Yote?"

"Yote. Mpaka usiione."

Alisikia kiti cha dada yake kikisogea, kisha mkwaruzo mdogo wa karatasi kuukuu ikiingia kwenye ngozi. Safari hii Jentrix hakuwa na mzaha. "Imeingia," alisema. "Geuka."

Alishona. Alitoboa kwa msharasi, akapitisha sindano ya kulia, akapitisha ya kushoto, akavuta mpaka uzi ukaingia ndani ya ngozi na vidole vikapata mfereji mwekundu. Simu ilitetemeka tena, kisha tena. Kwenye tundu la ishirini na mbili ilitimia saa sita. Alisimama kidogo tu, akafuta mikono, akaandika ujumbe: Sina. Mpe mzee wa ndege. Asante kwa kunipigania. Akaigeuza simu kifudifudi.

Tundu la mwisho alilifunga mara tatu, akakata uzi, akauchoma ncha kwa kiberiti.

Bodaboda ilimpeleka kwa fujo, wakasimama dakika nyingi pale Ngong Road nyuma ya lori lililokuwa limezimika, na Phanuel akashuka, akalipa, akakimbia kipande kilichobaki, hirizi kaifumbata ndani ya leso ya Sumaya. Alipoingia uani saa nane ilikuwa bado dakika tano. Teksi ilikuwa tayari langoni, milango wazi. Sumaya alikuwa na mkoba wa nguo begani, naye alipomwona alifunga macho mara moja tu, kama mtu aliyekuwa akisikiliza kitu kwa muda mrefu na sasa amekisikia.

"Umekuja," alisema.

"Nilisema."

Suad alikuwa ameketi barazani kwenye ukingo wa kitanda cha kamba, akipumua kwa mdomo. Hadia aliipokea hirizi, akaifungua leso, akaikagua juu na chini, kisha akampa mjukuu wake. Suad hakuutazama mshono. Aliushika kwa vidole gumba viwili, huku na huku, akauvuta kwa nguvu zake zote, macho yake yakiwa usoni mwa Phanuel.

Ulishika.

Aliuvuta tena. Kisha akaunyosha mkono wake wa kushoto, ili afungwe.